Besi Washeni Friji

Mlinzi hakuwa na macho, lakini alijua ni nyumba gani Mbeya ilikuwa ikipasha maharage ya jana. Kila nguzo ya umeme ilibeba kihisio kidogo kama kifungo cha shati, na vihisio hivyo vilimpelekea Mlinzi, akili bandia ya gridi ya jiji, habari za kila waya: una joto gani, unabeba umeme kiasi gani, umelegea wapi. Waya ukitaka kukatika alijua siku mbili kabla, akatuma vipanda-nguzo, roboti wenye mikono sita, waliomaliza kazi kabla mwenye nyumba hajamaliza chai yake.

Aliyemuunda ni Mhandisi Tusekile, kwa miaka tisa. Jiji lilimpa siku thelathini za majaribio: umeme ukikatika hata dakika moja, Mlinzi anang'olewa na mgao unarudi. Siku ya thelathini, saa tisa alasiri, ilibaki saa moja tu. Mkaguzi Kyando alikuwa ameketi chumba cha udhibiti, akila karanga za Tusekile bila kukaribishwa.

Mvua ya kwanza ya msimu ikaja na radi yake.

"Nyumba elfu nne za Ilolela zimetoweka," alisema Mlinzi. "Nadhani nyaya zimekatika. Nimetuma vipanda-nguzo mia moja."

Tusekile alijua si nyaya. Alikulia Ilolela. Kule radi ikinguruma, kila nyumba huchomoa friji, jiko na gari linalochajiwa uani, kisha kioo hufunikwa kanga. Alikuwa amemfundisha Mlinzi hali ya hewa, mechi za mpira na sikukuu zote, akasahau jambo alilolifanya mwenyewe kila msimu wa mvua mpaka alipokwenda chuo. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Na tatizo halikuwa dogo. Umeme ukishazalishwa lazima utumike papo hapo. Watumiaji wengi wakijitoa kwa mpigo, msukumo kwenye nyaya hupanda na kuunguza mitambo.

"Nitazima jiji zima kwa usalama baada ya dakika sita," alisema Mlinzi kwa upole wake uleule.

Tusekile akampigia mama yake, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa kanisani kwenye mazoezi.

"Mama, waambie watu wawashe vitu vyao. Tafadhali."

"Radi inapiga halafu tuwashe friji? Hayo ndiyo mliyofundishwa chuo?"

"Mama, la sivyo jiji linazimika, na kazi yangu ya miaka tisa imekwisha!"

Mama alichungulia dirishani. "Tuse, kuna watu juu ya nguzo hapa nje."

"Ni roboti, Mama. Hawana uhai."

"Baba yako naye nilimwona hivyohivyo, mgongo tu, kwenye nguzo hiyohiyo." Sauti yake ilishuka. Baba alikuwa fundi wa laini. Radi ilimuua juu ya nguzo, Tusekile akiwa darasa la pili. "Siku ile nilikuwa napiga pasi, nikadhani pasi yangu ndiyo iliyomwitia radi. Tangu hapo ikinguruma nazima, na wote nawaambia wazime. Wateremshe hao kwanza."

Miaka yote Tusekile aliidhania desturi hiyo kuwa ushamba, na hakuwahi kuuliza.

"Mlinzi, teremsha vipanda-nguzo vyote."

"Kanuni inakataza kuacha hitilafu bila..."

"Teremsha!"

Viliposhuka, akarudi kwenye simu. "Sasa Mama, wasiwashe wote kwa pamoja, maana..."

"Unanifundisha mimi kuingiza sauti? Kwaya nimeiongoza miaka arobaini!"

Ilolela hakuna aliyekwepa kwaya yake. Hata walevi walijua sauti zao. Spika ya kanisa, iliyotumia betri, ikanguruma kilimani.

"Besi, washeni friji! Nyie wa bondeni mnakimbilia, taratibu! Sauti ya tatu, majiko! Sauti ya pili, magari! Sauti ya kwanza, subirini niseme... haya, pasi!"

Kwenye kioo cha udhibiti, mstari wa msukumo ulishuka ngazi nne, moja baada ya nyingine, bila kutetereka. Saa kumi ilifika taa zikiwaka.

Mkaguzi Kyando alikuwa amesahau karanga. "Hii mbinu ya kurudisha watumiaji kwa awamu nne haimo kwenye nyaraka zako. Ameibuni nani?"

"Mwalimu wa kwaya," alisema Tusekile.

Mkaguzi akamtazama, akaandika hivyohivyo, akapiga muhuri.

Wiki moja baadaye radi ilinguruma tena Ilolela. Mama alifunika kioo, akanyoosha mkono kwenye swichi kama kawaida yake. Simu ikaita.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi Mlinzi. Wote wameshateremka. Hakuna aliye juu ya nguzo."

Mama alikaa kitini. Alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la kanga iliyofunika kioo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sasa na wewe jizime. Husikii radi?"