Njia Zilizoachwa Wazi

Lilianza kama jambo dogo. Ofisi tupu, watu wamekwenda kula, hakuna anayeugusa mfumo wa hospitali, lakini kioo cha kompyuta kilionyesha njia zote mia za kuingilia kwenye hifadhidata zimeshikwa. Fundi wa programu, waliyemwita Profesa kwa kejeli naye akadhani anasifiwa, aliguna, akazima mtambo, akawasha, akarudi kwenye soda yake.

Kazi yenyewe haina makuu. Programu ikitaka taarifa inafungua njia, inachukua, inaifunga ili mwingine apite. Profesa alikuwa hodari wa kufungua. Kufunga aliona ni kazi ya watoto. Na nyumbani ni yule yule: kabati wazi, bomba linachuruzika, mkewe na ujauzito wake anamfuata nyuma akifunga.

"Funga njia zako, wewe," dada wa meza ya pili alimwambia. "Zinakesha wazi kwa jina lako. Unajua nani anapita?"

"Nani apite, dada yangu? Upepo?"

"Haya, cheka."

Basi bwana akapata dawa ya kisomi: kikomo kilikuwa njia mia, akakifanya elfu. Nyumba imejaa wageni asiowajua, yeye anaongeza viti!

Tangu hapo chumba cha mitambo kikanuka nywele zilizoungua, na feni zikawa zinahema kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo, na Profesa alipotega sikio akasikia katikati ya kule kuhema sauti inanong'ona neno lake la siri, herufi moja moja, taratibu, na sauti yenyewe ilikuwa yake.

Dada akaleta mzee anayetoa majini. Mzee alinusa akiwa mlangoni, akakataa kuingia.

"Huyu hakuvunja," alisema kwa sauti ya chini. "Kafunguliwa. Aliyefungua ndiye afunge, na afunge leo."

"Mzee, mimi nina digrii mbili."

"Ungekuwa na mlango mmoja unaofungika, ingekufaa zaidi."

Alasiri simu ikalia. Muuguzi wa hospitali ile ile. "Kaka, mkeo ameletwa na uchungu, hali si nzuri. Faili lake halifunguki. Dawa gani inamdhuru?"

Profesa akakodoa macho. Miaka yote ya ndoa, hajui.

Hapo ndipo alipojua kufunga. Alizifunga njia jasho likimtiririka, harufu ikimkaba, feni zikihema kisogoni pake, na kila aliyoifunga ilipiga kelele kama kucha juu ya bati, mpaka ikabaki moja tu, yenye jina lake, nayo haikukubali kufungwa. Akapiga simu.

"Faili limefunguka?"

"Hatulihitaji tena," muuguzi alijibu. "Mumewe amefika. Dawa ameitaja mwenyewe, mama na mtoto wazima. Mwanamume wa maana huyo! Hata bomba la wodini lililokuwa linachuruzika amelifunga."

"Mumewe ni mimi!" alinong'ona.

"Kaka, mumewe nimesimama naye hapa. Wewe ni nani?"

Nyuma ya Profesa, mlango wa chumba cha mitambo, ambao kama kawaida yake aliuacha wazi, ukajifunga polepole.