Makasha Matatu ya Nyuma

Malkia alikuwa bado anacheka alipofunua kasha la kwanza. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika tano asubuhi, ndani ya banda la vioo nyuma ya maabara ya udongo, naye alikuwa akimsimulia Afande jinsi mumewe alivyogeuka mtu mpya kwa usiku mmoja. Kaamka alfajiri kwenda kukimbia, mtu ambaye hata basi halikimbilii, kisha karudi kamkaangia mayai.

"Hayana chumvi hata chembe," alisema. "Lakini mwanamume kaingia jikoni mwenyewe, nitaanza kudai chumvi?"

Kifuniko kikainuka, kicheko kikakatika.

Nyungunyungu walikuwa wamelala juu ya udongo, wamesinyaa, rangi imewatoka. Akafunua kasha la pili, hali ikawa ile ile. Akafunua la tatu, kisha akaketi sakafuni penye tope, na sketi yake safi ya kuanzia wiki.

Afande alikuwa mwanafunzi mwenzake wa mwaka wa mwisho, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. Alistaafu upelelezi wa polisi, akaona kukaa nyumbani kutamuua kabla ya siku zake, akajiandikisha shahada ya sayansi ya mazingira. Alidhani atasoma sheria za misitu na mito, basi, yaishe. Kumbe shahada yenyewe ilikuwa nyumba ya milango mingi: asubuhi kemia ya udongo, mchana uchumi, jioni namna ya kuwahoji wakulima, na katikati yake takwimu, zilizomtoa jasho kuliko jambazi yeyote aliyewahi kumfukuza. Malkia ndiye aliyemfundisha takwimu hizo kila Jumatatu kabla ya vipindi, na hakumcheka hata mara moja. Afande alimwonea wivu kwa kichwa chake chepesi, na alimpenda kama binti yake, yote mawili kwa pamoja.

Jina la Malkia alipewa darasani kwa sababu ya raia wake hao. Alikuwa na makasha tisa ya plastiki. Nyungunyungu wa makasha matatu aliwalisha mabaki ya mgahawa wa chuo, wa matatu samadi, na wa matatu hakuwapa kitu ila udongo mtupu. Hayo ya udongo mtupu ndiyo ya kulinganishia. Yakiharibika hayo, hakuna awezaye kusema kama wengine wamenenepa kwa chakula au kwa bahati yao tu. Kwa nje yote tisa yalifanana, udongo ule ule juu, kifuniko kile kile. Ilikuwa kazi ya miezi minne, na Ijumaa ndiyo siku ya kipimo cha mwisho.

"Tuangalie na mengine, mwanangu," Afande alisema.

Wakafunua sita yaliyobaki. Nyungunyungu walikuwa hai, wanene, wanajisokota kwa shibe.

"Wamekufa wa kulinganishia peke yao," Malkia alisema. "Nitarudia mwaka, Afande. Na mume wangu alishasema mwaka mwingine hataki hata kuusikia. Nikishindwa safari hii, kusoma kwangu ndiyo basi."

Afande hakumwambia nyamaza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunyamaza kwa kuambiwa hivyo. Alikagua kufuli, likawa zima, limefunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena. Akainama kwenye kasha lililokufa. Kwenye ukingo wake palikuwa na chembe nyeupe zilizokaukia. Akachovya kidole, akaramba.

"Afande! Unaramba ushahidi?"

"Chumvi," alisema, akitema pembeni. "Mtu kamimina maji ya chumvi. Sasa nijibu polepole. Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Mmoja wangu, ulikuwa kwenye mkoba wangu nyumbani. Mmoja wa Dokta, msimamizi wangu. Mmoja uko ofisini, jana Mchumi aliuazima. Alikuja kupima mabaki ya mgahawa, akaurudisha saa kumi."

"Na wewe ulikuja lini?"

"Saa kumi na moja. Nikaona upande wa mlangoni kuna joto sana, nikaamua kuyahamisha yote. Nikapiga kura kwa vikaratasi, kila kasha likapata mahali papya. Ya kulinganishia yalikuwa mlangoni tangu mwanzo, jana ndiyo yakaangukia huku nyuma, karibu na tangi la maji. Nikafunga saa kumi na mbili, nikaenda nyumbani."

Afande aliyatazama tena yale sita mazima. Udongo wa juu ulikuwa umesawazishwa vizuri, na alama za viganja vya Malkia zilionekana bado. Hakuna aliyeuchokoa kutafuta kilichomo chini. Aliyekuja alikwenda moja kwa moja kwenye matatu ya nyuma, akafanya yake, akaondoka.

"Nani ulimwambia kwamba umeyahamisha?"

"Sijamwambia mtu."

"Fikiri vizuri."

"Afande, sijamwambia mtu. Kutoka hapa nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala."

Akamwagiza afunike makasha yote, na kila atakayeuliza aambiwe neno moja tu, kwamba nyungunyungu wamekufa. Asiseme wangapi wala wa wapi. Malkia akampigia mumewe simu palepale, machozi yakimdondoka. "Nyungunyungu wangu wamekufa," alisema. "Ndiyo, wamekufa. Mchana uje unichukue, sijiwezi." Akakata.

Saa tatu, Afande alimkuta Mchumi mgahawani, anapima maganda kwenye mizani. Alikuwa mwanafunzi mwenzao, kijana mwembamba, hodari wa hesabu, na nafasi moja ya msaidizi wa mhadhiri mwakani waliigombea yeye na Malkia. Chumvi ya mgahawa ilikuwa kwenye debe, hatua mbili kutoka alipokaa.

"Nimesikia wamekufa," Mchumi alisema kabla hajaulizwa. "Na najua unakuja kwangu. Kila mtu atakuja kwangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina wivu naye, mzee wangu, na sijui kuuficha. Nikiongea bei za mbolea, watu wanasinzia. Yeye akishika mnyoo mmoja mkononi, hata walimu wa sheria wanakuja kutazama. Wivu unaniumiza tumbo, sikatai. Lakini kuua? Hesabu zangu zote nimezijenga juu ya nyungunyungu wale. Nao wakifa, na mimi nimekwisha."

"Twende bandani kidogo."

Walisimama mlangoni, makasha yote yamefunikwa. Afande akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Hebu nioneshe, ya kulinganishia ni yapi?"

Mchumi akanyoosha kidole bila kusita. "Si ndiyo haya hapa mlangoni?"

Afande akamshukuru, akamwacha arudi kwenye maganda yake.

Dokta alipatikana saa tano. Alikuwa mtu mzima wa kemia ya udongo, aliyeamini kwamba shahada ile aliianzisha yeye na wengine wamedandia. Mwezi uliopita Malkia alimwongeza msimamizi wa pili kutoka sosholojia, na tangu siku hiyo Dokta akawa hajibu salamu vizuri.

"Nilimwonya," alisema, miwani kwenye paji la uso. "Udongo ni udongo. Ukishaanza kuchanganya udongo na maoni ya watu, unapoteza mwelekeo. Yule bibi wa sosholojia ananyang'anya wanafunzi wangu wazuri mmoja mmoja."

"Kwa hiyo ulikasirika."

"Nilikasirika sana! Ningeweza kumlisha yule bibi udongo. Lakini nyungunyungu wamenikosea nini?"

Naye alipofikishwa mlangoni akaulizwa swali lile lile, akaonesha makasha ya mlangoni, na akaongeza kwa majivuno kwamba mpangilio ule ni wake mwenyewe. Afande akakuna kidevu. Aliwaamini wote wawili. Walikuwa na sababu, walikuwa na funguo, mmoja alikuwa na chumvi ya kutosha kuulia mto mzima. Lakini wangekuja kuua, wangeua makasha ya mlangoni, na humo, tangu jana jioni, ndimo walimolala nyungunyungu wa mabaki ya mgahawa.

Akarudi kwa Malkia, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje ya banda. Swali lililobaki, nani alijua kwamba makasha yamehamishwa, lilimkera kama kokoto kwenye kiatu. Alipomtazama binti yule, akakumbuka mayai, na moyo ukamshuka.

Mwalimu, mumewe Malkia, alifika saa saba mchana akiwa na chaki kwenye mkono wa shati. Alifundisha kemia sekondari, na wanafunzi walimsifu kwa kueleza mambo yakaeleweka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na msiba wa nyumbani kwako."

"Tumeshapoa." Akamkalisha mkewe vizuri, akamfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Alimfuta kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Afande zaidi.

"Nilikuwa namwambia asikate tamaa," Afande alisema, akijifanya mzito wa kuelewa, jambo ambalo halikumsumbua. "Mimi takwimu hazipandi. Si ataandika tu alichokiona mpaka jana, yakaisha?"

Mwalimu akatikisa kichwa, na uso wake ukawa ule wa mbele ya ubao. "Haiwezekani, mzee wangu. Ukikosa cha kulinganishia huna jaribio. Hao wa mabaki ya mgahawa hata wakizidi kunenepa mpaka Ijumaa, atamwambia nani kwamba ni chakula? Mke wangu, usijitese. Twende nyumbani ukapumzike."

Malkia aliinua kichwa taratibu.

"Wakizidi kunenepa?" Afande aliuliza. "Mwalimu, aliyekufa ananenepaje?"

Mwalimu akaikunja leso upya.

"Asubuhi nilikuwa nimesimama hapa mkeo alipokupigia. Alikwambia nyungunyungu wamekufa. Hakusema wangapi wala wa wapi. Chuo kizima kinadhani wamekufa wote, mpaka Dokta. Wewe peke yako unajua kuna waliobaki, na unajua ni kina nani."

"Nimekisia."

"Umekisia. Na aliyeingia alfajiri naye alikisia? Maana makasha ya kulinganishia yalihamishwa jana saa kumi na moja jioni, na wenye funguo wengine wote bado wanaonesha mlangoni. Ufunguo wa tatu ulilala kwenye mkoba wa mkeo. Wewe ukaenda kukimbia, leo, kwa mara ya kwanza tangu uoe. Kisha ukarudi ukakaanga mayai, na nyumbani hapakuwa na chumvi hata ya kunyunyiza."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Afande aliona hana haja ya kuendelea.

"Niambie si wewe," Malkia alisema. "Niambie tu, nitakuamini."

Mwalimu akaketi mwishoni mwa benchi.

"Niliomba shahada hii kabla yako," Mwalimu alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mara mbili. Hawakunichukua. Ukaomba wewe, kwa sababu mimi nilikuletea zile karatasi, wakakuchukua wewe. Nikasema sawa, ni mke wangu, nitafurahi. Nimejitahidi kufurahi. Lakini kila jioni unarudi na watu wako mdomoni. Dokta kasema, Mchumi kasema, watu wa sheria wamebishana. Hata huyu mzee nimemwonea wivu, kwa sababu unamfundisha Jumatatu na unarudi unacheka. Mimi nafundisha watoto arobaini kemia ya kitabu kimoja mwaka baada ya mwaka. Ninakaa pale mezani nakutazama unavyong'aa, na ninachukia. Sikuchukii wewe. Nachukia kule kung'aa."

"Kwa hiyo ukanizima."

"Nilitaka ushindwe kidogo tu. Uache. Urudi nyumbani."

Kutoka mgahawani ilisikika sauti ya sahani zinazooshwa. Afande aliwahi kusimama mbele ya watu wengi walionaswa, na kila mara alijisikia mshindi. Leo alitamani angekuwa amebaki nyumbani anamwagilia maua.

Malkia alisimama. Hakupiga kelele wala hakumgusa. "Afande aliniuliza mara mbili nilimwambia nani kwamba nimeyahamisha, nikasema sijamwambia mtu," alisema. "Sikuwa nadanganya. Sikukuhesabu wewe."

Mwalimu akairudisha leso mfukoni.

"Jana tulipokuwa tunakula uliniuliza, 'Hivi katika makasha yako, lipi ndilo muhimu kuliko yote?' Unakumbuka? Nikaacha chakula. Nikapanga vijiko mezani kukuonesha, hiki cha mlangoni, hiki cha tangini, hapa ndipo moyo wa kazi ulipo. Ukawa unasikiliza. Nikalala nimefurahi kama mtoto."

"Mke wangu, nilitaka urudi nyumbani, basi."

"Nilikuwa narudi kila siku, saa moja jioni," Malkia alisema. "Miaka mitatu narudi. Na jana ndiyo mara ya kwanza uliyoniuliza kitu."