Mtamba wa Kogo Rodah

Kila Jumatano baada ya masomo, Chepchirchir na wenzake wa kilabu cha kompyuta, huko Mogogosiek, husukumana mbele ya skrini kama ndama zizini. Programu yao ni ya ajabu: ukiiandikia maelezo ya mfumo unaoutaka, hukutengenezea kitabu kizima cha majedwali.

Muhula huu Mwalimu Gekara aliwapa kazi ya kweli. Daktari wa mifugo alitaka majedwali ya ng'ombe watakaochanjwa ndigana, ile homa ya kupe, ajue dozi za kubeba. Wafugaji walikuwa wameshatuma majina ya ng'ombe wao kwa simu.

"Kabla ya kuandika maelezo, Chepchirchir, zunguka uwaulize wanavyowatambua ng'ombe wao," alisema mwalimu.

Mvua ilinyesha, njia za mashamba ya chai zikawa tope tupu. Aah, kwani ng'ombe ni kitu kigeni? Chepchirchir akaandika ya kichwani mwake: kila jina ni ng'ombe mmoja, likijirudia katika boma moja, lifutwe.

"Uliuliza watu wote?"

"Ndio, mwalimu," akajibu bila kupepesa macho.

Lo! Kwa jirani yao, ajuza aliyeitwa Kogo Rodah, yaani Bibi Rodah, ndama jike hurithi jina la mamake. Alikuwa na Chelel mzee, aliyekaribia kukauka maziwa, na Chelel mtamba mwenye mimba, tegemeo lake la pekee. Programu ikamfuta mmoja. Siku ya chanjo Chelel mzee alitangulia. Zamu ya mtamba ilipofika, dozi zilikuwa zimekwisha. Daktari akaahidi kurudi, lakini kabla hajarudi mtamba akashikwa na homa, akafa.

Chepchirchir alimkuta Kogo ameketi kando ya mzoga, akiyapapasa masikio ya mtamba wake.

"Kogo, ni mimi," akasema huku akilia. "Sikuuliza mtu."

Kogo akamgeukia.

"Si ungekuja tu, mtoto wangu. Nilikuwa hapa hapa nyumbani."

Chepchirchir aliungama kwa mwalimu, kisha akazunguka boma baada ya boma, mvua isimzuie. Akaandika maelezo upya: kila ng'ombe atambuliwe kwa namba ya hereni ya sikioni. Majedwali yakatoka sawa, na waliobaki wote wakachanjwa.

Mwalimu Gekara hakumgombeza.

"Programu hufanya unavyoiambia," alisema polepole. "Usichouliza wewe, nayo haitakijua. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kusema umeuliza ilhali hukuuliza. Leo kitabu chetu kimekamilika, lakini Kogo Rodah atakunywa chai ya rangi."