Mto Ambao Watiri Hakuuvuka

Julai ya Nyeri haina huruma, na yule mwanamume alikuwa amevaa shati la mikono mifupi. Shati jembamba la samawati, kalamu mbili mfukoni, katikati ya soko la mitumba saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mapaa ya vibanda. Watiri alimwona akija amejikunyata, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, kwani uliambiwa hapa ni Kisumu?"

"Mimi natoka mbele ya Kisumu kabisa," akajibu huku meno yakigongana. "Uko na sweta ya kunitosha?"

"Niko na sweta ya kutosha mtu na bibi yake."

"Bibi hakuna. Nipe tu, hiyo nafasi ingine tutaongea."

Wee! Wanawake wa vibanda vya jirani waliangua kicheko. Watiri alizoea kurusha maneno, si kurushiwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kitambaa chekundu kichwani, kabuti la kijani lililokazwa kiunoni kwa mkanda, na mdomo ambao soko zima liliuogopa. Alichomoa sweta nzito ya kahawia, akamvalisha mwenyewe na kumfunga vifungo hadi shingoni.

"Unaitwa nani, mtu wa baridi?"

"Oloo. Nimeletwa ofisi ya maji. Kazi yangu ni kupima mito."

"Mto unapimwa? Kwani unashonewa suti?"

"Nipe namba yako ya simu nikueleze."

Alimweleza kwa miaka miwili. Alimweleza kando ya mto Chania, penye ule ubao wake wa kusomea kina cha maji, na alimweleza kwa simu kila jioni hadi simu ikachoka. Alimwita jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, na Watiri akamwita mtu wa baridi hata Februari jua likiwaka. Mambo yalikuwa sawa isipokuwa jambo moja, na hapa ndipo ninapotamani kumshika Watiri mabega nimtikise. Hakutaka mamake ajue.

Mamake, Monicah, alikuwa na ng'ombe wawili na shamba la majani chai kule Tetu. Siku moja, mbele ya akina mama wa kanisa, alisema kwamba binti akiolewa magharibi ni kama amezikwa mbali. Watiri aliyashika maneno hayo asiyaachilie. Kwa hiyo mwezi wa Agosti, Oloo alipong'ang'ania mpaka akapelekwa Tetu, alitambulishwa hivi: "Mami, huyu ni fundi wa ofisi ya maji. Amekuja kuangalia tangi."

Oloo alimtazama mara moja tu. Kisha akapanda ngazi na suruali yake ya Jumapili, akakaza koki, akashuka, akanywa chai, akaosha kikombe. Njiani kurudi mjini hakusema neno. Watiri alidhani amechoka. Amechoka!

Halafu, bila hata haya, Watiri ndiye aliyeanza kudai.

"Sasa mimi unanipeleka kwenu lini?"

"Kuna mambo ya kupanga kwanza, jaber."

"Mambo gani? Ama unanificha?"

Kila wiki ikawa hivyo, hadi Desemba Oloo akasalimu amri.

Walipita Nyahururu, Nakuru, Kisumu, Siaya, na kila waliposhuka gari Watiri alipunguza nguo moja: kabuti, kisha sweta, kisha skafu, hadi akafika Nzoia na rinda jepesi la maua ya manjano aliloshonesha kwa safari hiyo. Hakuwahi kuona mto wa namna ile. Mito ya kwao ni myembamba, ya baridi, yenye kelele; unaisikia kabla hujaiona. Huu ulikuwa mpana na mzito, rangi ya chai ya maziwa, ukijivuta kimyakimya kuelekea ziwani. Pande zote mbili watu walikuwa wameinua kuta za udongo ili maji yasiingie mashambani, na juu ya kuta hizo walipita wanawake na ndoo za samaki, na waendesha baiskeli, na ng'ombe. Mafunjo yalisimama marefu kumpita mtu. Chini ya kivuli, mama mmoja alikuwa akikatakata kamongo, na Watiri akaruka nyuma.

"Ngai! Hiyo ni samaki ama nyoka?"

"Hiyo ni mboga, jaber. Ungojee viboko. Wakipanda kula mahindi, kijiji chote kinapiga madebe."

Alicheka mpaka machozi. Joto lilimlowesha mgongo, hakujali. Mtumbwi ulikuwa tayari, na tayari alikuwa amevua viatu. Ng'ambo aliona moshi wa maboma, na mojawapo ya maboma hayo lilikuwa la kina Oloo.

Hapo Oloo akampigia mamake simu. Mwanzoni alikuwa akicheka. Kisha akawa anajibu neno moja moja. Mwishowe alisikiliza tu. Alipokata simu hakumtazama Watiri machoni.

"Watiri, wewe utabaki upande huu. Kuna gesti ya kanisa, ni safi. Mimi nitavuka."

"Unasema nini?"

"Ni mambo ya nyumbani. Nitakueleza."

"Nieleze sasa! Nimetoka Nyeri kuja kuona gesti?"

"Jaber, tafadhali."

"Usiniite jaber! Oloo, uko na bibi huko?"

"Sina bibi."

"Basi nivushe!"

Hakumvusha. Watiri akasimama pale na rinda lake la manjano, viatu mkononi, akitazama mtumbwi ukienda bila yeye, na wale mama wa samaki wakitazama kwa huruma inayoudhi kuliko matusi.

Siku mbili! Alijipepea kwa kipande cha katoni, akahesabu mbu, akatembea juu ya ukuta wa mto hadi nyayo zikaungua. Wasuka mikeka walimsalimia kwa mikono miwili, wakampa ugali wa mtama na samaki, wakamfundisha kulainisha mafunjo kwa maji. Walikuwa watu wazuri, na hilo lilizidi kumkera. Wazuri hivi, na Oloo hataki nijulikane kwao?

Siku ya tatu Oloo alirudi na mkeka mpya begani.

"Mama amekusukia hii."

"Mamako ama bibi yako?"

Oloo aliuweka mkeka chini. Lo, mwanamume huyu! Angesema sentensi moja tu. Watiri alibeba begi lake akaenda kutafuta gari. Mkeka aliuchukua pia, kwa hasira tu, ili mwanamke mwingine asiulalie.

Nyeri ikampokea kwa mvua. Alizuia namba ya Oloo kwenye simu. Oloo alipokuja sokoni, Watiri aliwauzia wateja sweta juu ya kichwa chake kama vile pale hakuna mtu. Jioni alilia akipika, akasingizia vitunguu.

Aliyemuumbua ni Nasirumbi, askari polisi kutoka Busia aliyepanga chumba cha pili. Aliingia kuomba chumvi, akauona mkeka ukiwa bado umefungwa nyuma ya mlango, akauliza. Watiri akamwaga yote.

"Kwani ulitaka ulale wapi?" Nasirumbi akauliza.

"Kwake! Ako na nyumba yake ndogo karibu na geti, alijenga akiwa kijana."

"Ehe. Hata kwetu iko hivyo. Ukilala kwa hiyo nyumba ya kijana usiku mmoja, asubuhi wewe ni bibi ya hiyo boma. Hakuna kusema ati ulikuwa umetembea tu."

"Si hiyo ndiyo nilikuwa nataka?"

"Na watu wako walikuwa wanajua? Mamako anamjua Oloo?"

"Anamjua," Watiri akasema polepole.

"Kama nani?"

Watiri alitazama sufuria. "Kama fundi wa tangi."

"Ati nini?"

Watiri alichukua simu, akaifungulia namba ya Oloo, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Siku ile, mamako alikuuliza nini?"

Oloo alishusha pumzi. "Aliuliza watu wako wamesemaje juu yangu."

"Ukajibu?"

"Ningejibu nini, Watiri? Ati nilikaza koki vizuri? Mama akasema hatavusha msichana wa watu kama ameibwa. Nikambembeleza siku mbili. Akakataa, lakini akasuka huo mkeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira. Tangu Tetu."

"Miezi minne umenyamaza na hasira?"

"Wewe ulikaa gesti siku mbili ukatoroka. Mimi kwenu nilikaa juu ya tangi, na nikarudi kukupenda."

Watiri aliona aibu, na bado alikuwa amemkasirikia, yote mawili kwa pamoja.

"Nipe mpaka Jumapili," akasema.

Jumapili alimkuta Monicah akikamua. Alisimama mlangoni mwa zizi, kabuti limekazwa, maneno aliyoyapanga njiani yote yamepotea.

"Mami, yule fundi wa tangi..."

"Oloo?"

"Unajua jina lake?"

"Nilimuuliza ukiwa jikoni." Monicah hakuacha kukamua. "Fundi gani anapanda tangi na viatu ya kanisa? Na akaosha kikombe. Tangu Agosti nangoja uniambie, Watiri. Nimengoja mpaka nikaanza kujiuliza, ni mimi mbaya, ama ni wewe unaona haya na mama yako?"

"Ulisema kuolewa magharibi ni kama kuzikwa mbali."

"Nilisema. Nilikuwa naongea juu ya Emmah wa Wambugu, aliolewa huko na hapigi hata simu. Wewe utakuwa unapiga?"

Watiri alijaribu kusema ndiyo, kilio kikamtangulia. Monicah aliinuka, akamfuta uso kwa ncha ya leso, akamshikisha ndoo ya maziwa.

"Haya, nyamaza, utatisha ng'ombe. Na hiyo tangi haijawahi acha kuvuja."

Watiri aliweka ndoo chini, akapiga simu palepale, akaweka spika.

"Oloo, mami anasema tangi bado inavuja."

"Kwa hivyo nije na spana?"

"Kuja na sweta, huku ni baridi. Na wazee wenu wawili."

Upande wa pili kilisikika kicheko cha mtu aliyekuwa karibu kulia.

"Mwambie hata spana alete!" Monicah akapaza sauti kutoka zizini.