Hodi ya Tatu

Kasoro yenyewe ilianza na ufa wa upana wa kidole. Katika picha ya ukurasa wa tisa mlango ulikuwa umefunguka kidogo, na mhariri, ambaye ofisini walimwita Mama Nukta kwa kuwa hakuna koma iliyowahi kumponyoka, akampigia simu mchoraji wake.

"Shoto, mlango wangu mbona umeuacha wazi?"

"Dada, niliufunga. Hata kitasa nilikitia wino mara mbili."

"Basi umejifungua wenyewe," akasema, akacheka. Shoto hakucheka.

Muswada ulikuwa wa mwalimu mmoja mstaafu, hadithi fupi ya watoto. Binti yuko peke yake nyumbani, mtu anapiga hodi mara tatu, binti ananyamaza, mtu anakwenda zake. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Hodi ya tatu isijibiwe." Mama Nukta akadhani mzee kapitiwa. Hodi isiyojibiwa ni utovu wa adabu, tena wafundishwe watoto! Akaikata ile nyekundu, akamtia binti neno moja kinywani: "Karibu." Mwenye hadithi hakuulizwa. Na Shoto alipotaka sura ya kuchora, akampa picha ya kitinda mimba wake wa miaka saba, akijiona amemtunuku mtoto.

Siku ya pili Shoto alileta ukurasa wa kumi kwa mkono wake mwenyewe, midomo imemkauka. Ndani ya kizingiti palikuwa na nyayo mbili zilizolowa, visigino vimetangulia mbele.

"Hizi si zangu," akanong'ona. "Nimezifuta mara nne. Zinarudi, na kila zikirudi zimesogea."

"Zimesogea kwenda wapi?"

Shoto akaonyesha bila kuigusa karatasi. Kwa mtoto.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa dirishani. Harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji ikapanda kutoka kwenye bahasha. Mama Nukta akalifuta lile "Karibu" kwenye kompyuta, akachapa ukurasa, neno likatoka pale pale; akalifuta tena, akachapa tena, likatoka limekoza zaidi, na chini ya meza yake kucha zikaanza kugonga mbao, tatu, kimya, tatu, kimya, taratibu kama za mtu asiye na haraka kwa sababu anajua mlango uko wazi, hadi mama wa watu akasahau viatu, akasahau mkoba, akakimbia pekupeku hadi nyumbani, na njia nzima alikuwa akiomba jambo moja tu, amkute mwanawe.

Alimkuta. Mtoto alikaa akitazamana na kiti kitupu, ameshajifunga kamba za viatu.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Mgeni. Anasema mimi ndiye niliyemkaribisha. Amechoka kukaa, anataka tuondoke."

Akampakata, akambana kifuani, akampigia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeharibu."

"Marahaba." Mzee akashusha pumzi. "Umeijibu?"

"Nimeijibu."

"Kwa kinywa cha nani?"

"Cha binti wa hadithi."

"Na huyo binti ana uso wa nani?"

Mama Nukta akambana mtoto zaidi. Machozi yakamjibia.

"Mdogo wangu aliijibu akiwa na miaka sita," akasema mwalimu. "Hatukumwona tena. Nimeandika ili watoto wajue kunyamaza, wewe ukawafundisha kuitikia."

"Niichome?"

"Ukichoma nyumba na mtoto yumo ndani, umeokoa nini? Yule hafukuzwi, mama. Hubadilishiwa mwenyeji. Uso mwingine, sauti nyingine. Wala usimdanganye kwa uso wa kubuni, kila uso una mwenyewe."

Hakuhitaji kufikiri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akamtia mtoto mgongoni, akaenda chumbani kwa Shoto, akamshusha mlangoni, akakaa mbele ya meza ya kuchorea.

"Mfute yeye. Nichore mimi."

"Dada, tafadhali..."

"Chora, kaka. Ameshafunga viatu."

Shoto akaufuta uso wa mtoto, akaanza wa mama kwa mkono wake wa kushoto, na kila mstari ulipotua karatasini pale pale usoni mwa Mama Nukta pakapoa, paji, kisha mashavu, kisha midomo, na ile harufu ya makaa ikajaa chumba hadi wakakohoa, na zile nyayo, wote wawili wakizitazama wala hakuna aliyethubutu kupepesa, zikageuka taratibu, zikamwacha mtoto, zikazunguka meza, zikaenda kusimama nyuma ya mwanamke aliyechorwa. Mama Nukta akafumbua midomo, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Karibu."

Harufu ikakatika. Mtoto akapiga mwayo, akalalamika kuwa viatu vinambana, akaomba chakula. Shoto akakaa chini, akalia kwa furaha bila aibu.

"Njoo, mwanangu," akasema mama, amenyoosha mikono.

Mtoto akaja mbio, akasimama hatua mbili kabla ya kumfikia. Akainua macho, akatazama juu ya bega la mama yake.

"Mama, amesimama nyuma yako. Anasema sasa wewe ni wake. Nikikugusa, itakuwa nimemkaribisha tena."

Shoto akageukia ukuta. Mama Nukta akaishusha mikono yake polepole, akaificha mgongoni ili isije ikajisahau na kumshika mtoto, na huko mgongoni vidole vya baridi vikaipokea.