Kiri, Mama Orpha

Atakayebisha abishe, lakini mwaka 2006, pale Edgbaston, ughaibuni, jini lilikaribishwa chakula mchana kweupe, na aliyelikaribisha ni mlokole.

Zilpah, mfanya usafi kutoka Bukavu, alikuwa akila ugali wake kwenye stoo ya jumba la makumbusho, kati ya makabati ya vitu vya kale, akasikia nyayo nyuma yake. Hakugeuka. Mtu aliyelelewa vyema hali chakula peke yake; akasema, "Karibu tule."

Nyayo zikasimama. Pakanuka ubani. Alipotazama bakuli, ugali ulikuwa umemegwa upande wa pili.

"Umekula na nani?" akauliza Lakhbir, mlinzi, Singasinga mzaliwa wa Kisumu. Alipoambiwa, akashusha sauti. "Dada, kabati hilo nyuma yako lina jiwe la ramli la mganga wa kabila la Kimaya, mama mzee wa karne zilizopita. Wakoloni wa Kihispania walimchapa mpaka akakiri ni mchawi."

"Nyamaza. Mimi nimeokoka."

"Umeokoka, na ugali umeliwa."

Jioni, nyumbani Sparkhill, ubani ulikuwa umemtangulia. Wiki nzima mjeledi ukalia ndani ya ukuta, ukalia ngazini, ukalia chini ya kitanda, na kila ulipolia mtu asiyeonekana akaguna, mpaka majirani wakaanza kunong'ona juu ya Mama Orpha, mamake Zilpah, aliyewatibu watoto wao kwa mitishamba.

Jumapili, baada ya ibada, Pasta Magloire akaja na waumini sita na mkanda mkononi.

"Kiri, mama. Usipokiri, hulali nyumba hii."

"Nikiri nini, mwanangu? Tumbo lako mwaka jana si nililituliza kwa majani haya haya?"

Waumini wakatazama chini. Zilpah alijua la kusema: mwenye kosa ni mimi. Lakini anayekaribisha mapepo naye ni mchawi, na mkanda ulikuwa karibu. Akasogea nyuma ya waumini.

Mkanda ukashuka begani mwa Orpha. Aliyelia ni Pasta. Ukashuka tena, na tena, kana kwamba mkono si wake, na kila uliposhuka shati lake likachanika mgongoni, hata akaanguka kifudifudi, akilia kwa sauti nyembamba ya ajuza, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, huku waumini wakigombea mlango.

"Ni mimi niliyemleta ajuza huyu kutoka kazini, Mama," Zilpah akanong'ona.

"Umechelewa kusema. Leta maji ya moto."

Orpha akapiga magoti, akafunua shati la Pasta. Makovu yalikuwa mengi, yamepishana, yote ya zamani, yote ya mjeledi.

"Pole, mama," akakiambia kichwa chake chenye upara.

Na kinywa cha Pasta kikaitikia, kwa sauti ile ile ya ajuza.