Kompyuta Moja, Kazi Mbili

Kabla ya uchaguzi wa 2007, kibanda cha Ndululu na mkewe Kanini pale Laini Saba, Kibera, hakikuwahi kunyamaza. Asubuhi Kanini aliwapigia watu chapa barua za kuomba kazi. Alasiri Ndululu aliwasha gemu ya mpira, na vijana wakajazana. Mkamba, Mjaluo, Mluhya, wote waligombea kiti kimoja. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Osewe, kijana wa Kijaluo aliyempigia debe Raila. Akifungwa bao, lawama ni za kompyuta. Akifunga, sifa ni zake.

Halafu kura zikahesabiwa, na yaliyofuata mnayajua: wafuasi wa Raila walisema wameibiwa kura, na makabila yakashambuliana. Kibanda kilivunjwa, kwa kuwa Wakamba walihesabiwa upande wa serikali. Kompyuta zilibebwa, na kilichobaki kikachomwa. Watu walimwambia Ndululu kwamba Osewe alionekana katika kundi lile. Siku hizo hizo Osewe alipigwa risasi karibu na reli, akafa. Ndululu alisikia habari hiyo akiwa Kawangware, alikokimbilia na familia yake kwa shemeji. Hakwenda hata kumpa pole Rosebella, dada yake Osewe, ingawa Rosebella ndiye aliyewatengenezea kompyuta miaka yote.

Mwezi wa tatu walirudi, wakasimamisha kibanda upya. Viongozi walikuwa wamepeana mikono, lakini Laini Saba majirani walipitana kama mawe. Kanini aliuza cherehani yake ili wanunue kompyuta. Moja tu, na skana na printa za kuazima. Ingefanya kazi ya ofisi asubuhi na gemu alasiri. Ikishindwa, hawakuwa na kitu kingine cha kuuza. Wangefunga virago waende Kitui, kwenye shamba lililowashinda hata wazazi wao.

"Tumuulize Rosebella," Kanini alisema. "Yeye anajua hivi vitu."

"Rosebella ni mmoja wao," Ndululu akajibu. "Naenda kwa Duncan. Duncan ni mtu wa kwetu, Mkamba."

Duncan aliuza kompyuta za mitumba huko Kawangware. Alimwonyesha Ndululu mbili. Moja ilibandikwa karatasi iliyoandikwa tatu. Nyingine iliandikwa moja nukta nane.

"Hiyo namba ni kasi ya prosesa," Duncan alisema. "Prosesa ndiyo inafikiria mambo yote ndani ya kompyuta. Sasa, tatu na moja, gani kubwa?"

"Tatu."

"Basi unangoja nini, ndugu yangu?"

Ndululu alilipa bila hata kuiwasha. Bidhaa ya mtu wa kwetu utaijaribuje? Si ni kama kumwita mwizi?

Shida zilianza mara moja. Kanini akiandika barua huku skana inasoma picha, kila kitu kiliganda. Alasiri, jua likichoma mabati, gemu ilikatika katikati ya mchezo na kompyuta ikazima. Vijana walidai pesa zao.

"Mzee, hii mashini ni bure kabisa!" mmoja alisema, akaondoka na wenzake.

Ndululu alikaa mbele ya skrini nyeusi. Alijiona mjinga, na alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Kanini naye hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku moja Rosebella alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na picha ya Osewe.

"Sasa, Mama Nthenya," alimwambia Kanini, maana Nthenya ni binti yao. "Tumepata nafasi ya kumpeleka Osewe nyumbani. Alikuwa bado mochari. Nataka mnitolee programu ya mazishi, ile karatasi yenye picha yake na ratiba. Kompyuta zangu pia zilibebwa."

Kanini alimkumbatia. Ndululu aliangalia chini.

Kanini aliandika jina. Akaiweka picha kwenye skana. Uso wa Osewe ulianza kutokea kwenye skrini, nywele, kisha macho. Halafu kompyuta ikazima.

Rosebella aliweka kiganja juu ya boksi la kompyuta.

"Hii imechemka," alisema taratibu. "Nani aliwauzia?"

"Duncan," Ndululu alijibu. "Ina namba tatu."

"Namba imekudanganya, Baba Nthenya. Hii prosesa ni ya zamani, iko na kiini kimoja. Ni kama mtu mmoja hotelini. Anapika chapati, anamimina chai, anaosha vikombe. Hata akikimbia, wateja watangoja tu. Siku hizi kuna za viini viwili. Ni watu wawili. Mmoja yuko kwa chapati, mwingine kwa chai."

"Kulikuwa na ingine, lakini ilikuwa moja nukta nane."

"Hiyo namba unalinganisha tu prosesa za aina moja. Mpya yenye namba ndogo inaweza kuishinda ya zamani yenye namba kubwa. Na haichemki hivi. Wewe uko chini ya mabati, joto ni adui yako."

"Na gemu?"

"Gemu inataka kadi ya picha pia, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Prosesa peke yake haitoshi. Na bodi ya ndani, pale prosesa inapochomekwa, lazima iikubali hiyo prosesa. Si kila bodi inakubali."

Aliichukua picha kwenye skana. Kisha akasema, "Najua watu wanasema nini juu ya Osewe. Kwamba aliingia hapa. Mimi sikuwepo. Sijui. Na sasa hakuna wa kuniambia."

Ndululu alitaka kusema pole. Ilikuwa pole ya miezi mitatu. Mwishowe ilitoka, na Rosebella akaitika kwa kichwa.

Walikwenda Kawangware pamoja, wamebeba ile kompyuta, huku watu wakiwatazama. Duncan hakubisha sana. Hata yeye alikuwa anasoma namba tu. Safari hii Rosebella hakukubali kuondoka kabla ya majaribio. Alihakikisha prosesa ya ile ya moja nukta nane ina viini viwili na bodi inaikubali. Aliangalia feni. Akahamisha kadi ya picha kutoka kwenye boksi la zamani. Kisha akafungua barua, skana na gemu, akaziacha zikae hadi boksi lipate joto. Kompyuta haikuganda wala haikuzima. Ndululu akabadilishana, akadai risiti.

Kesho yake Kanini alimaliza programu ya Osewe.

"Tuandike alikufaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Weka tarehe tu," Rosebella alisema. "Kila mtu Kibera akiiona ataelewa."

Nakala zilitoka moja baada ya nyingine. Mashine haikukatika hata mara moja. Rosebella alizikunja, akazifunga kwa leso, akaenda zake.

Alasiri vijana walirudi, wachache kuliko zamani. Gemu ilicheza hadi mwisho. Wateja wa barua walizidi wiki hiyo, na habari za Kitui hazikutajwa tena. Lakini kelele zile za zamani hazikurudi.

Kanini alikuta nakala moja ya programu imebaki mezani. Ndululu aliichukua, akaibandika ukutani juu ya kiti cha gemu. Hakujua kama kijana huyo alimwibia, na alijua hatajua kamwe. Aliibandika tu, kisha akamwita mteja aliyefuata.